Bia ya krafti bila mkanganyiko: namna ya kuusoma ubao wa baa inayojipikia bia

Kila zinapotoka habari kwamba kampuni kubwa imenunua kiwanda kidogo cha bia, mjadala ule ule huzuka upya: je, bia hiyo bado ni ya krafti? Kabla swali hilo halijapata jibu huja mengine, ya watu waliokaa kwenye kaunta ya baa inayojipikia bia wakautazama ubao: IPA, pilsna, stauti, bia ya ngano, bia chachu, kila moja na asilimia yake, na pengine namba nyingine isiyoeleweka pembeni. Wengi huishia kusema, "Nipe ile nyepesi," wakimaanisha ile yenye rangi ya dhahabu, halafu hushangaa imewalewesha upesi kuliko ile nyeusi waliyoiogopa. Ubao ule unatisha bure. Umetokana na maamuzi machache sana ya mpika bia, na ukiyajua unaweza kuusoma hata kwenye baa ambayo hujawahi kuingia.

Tuanze na maneno mawili. Baa inayojipikia bia ni mahali ambapo bia hupikwa na kuuzwa chini ya paa moja, mara nyingi pamoja na chakula. Matangi yako nyuma ya kaunta au nyuma ya kioo, na bia husafiri mita chache tu kabla ya kufika kwenye glasi. Bia ya krafti ni jina pana zaidi: ni bia ya kiwanda kidogo kinachojitegemea, iuzwe papo hapo, kwenye chupa au kwenye kopo. Huko Marekani chama cha wapika bia, Brewers Association, kimeweka mipaka kwa namba. Baa ya aina hii ni ile inayouzia hapo hapo angalau asilimia 25 ya bia yake na yenye huduma ya chakula ya kweli. Kiwanda cha krafti ni kile kinachopika mapipa yasiyozidi milioni 6 kwa mwaka, na ambacho kampuni ya pombe isiyo ya krafti haimiliki robo yake au zaidi. Pipa la Kimarekani lina lita 117 hivi, kwa hiyo kiwanda kinaweza kupika lita milioni 700 kwa mwaka na bado kikaitwa kidogo. Mipaka hiyo inahusu ukubwa na umiliki, haigusi ladha kabisa. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndipo mabishano mengi yanapozaliwa.

Bia yenyewe ni maji, kimea, hopsi (maua machungu ya mmea unaotambaa) na hamira. Kimea ni nafaka, kwa kawaida shayiri, iliyoloweshwa hadi ikaanza kuchipua, kisha ikakaushwa kwa joto. Kule kuchipua huamsha vimeng'enya, na hivyo ndivyo vinavyogeuza wanga kuwa sukari pale kimea kilichopondwa kinapokorogwa na maji ya nyuzi 65 hivi za Selsiasi. Maji matamu yanayopatikana huchujwa, huchemshwa saa moja au zaidi pamoja na maua ya hopsi, hupozwa haraka, kisha hutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa pombe, gesi ya kaboni dioksidi na harufu nyingi. Sheria maarufu ya mwaka 1516 ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani ya leo, iliyotaka bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji pekee, haikuitaja hamira hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyejua bado inafanya nini. Ilibidi kusubiri karne ya 19: mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alichapisha utafiti wake kuhusu bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, akiwa kwenye maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akafanikiwa kuotesha hamira ya aina moja safi, isiyochanganyika na nyingine.

Uamuzi wa kwanza wa mpika bia, na mzito kuliko yote, ni wa hamira. Laga hupikwa kwa hamira inayopenda baridi, nyuzi 8 hadi 13 hivi. Hufanya kazi polepole na huacha ladha safi, kavu, isiyo na harufu ya matunda. Eli hupikwa kwa hamira ya joto kiasi, nyuzi 16 hadi 22, ambayo humaliza kazi kwa siku chache na kuacha harufu za matunda na viungo. Bia ya ngano ya Bavaria hunukia ndizi na karafuu, na wanywaji wengi huapa kwamba zimetiwa humo. Hakuna ndizi wala karafuu. Ile ni hamira peke yake. Karibu kila jina utakalolikuta ubaoni linaangukia upande mmoja kati ya hizi mbili: pilsna ni laga; stauti na pota, ambazo ni bia nyeusi, na IPA, kifupi cha India Pale Ale (eli ya India ya rangi hafifu), ni eli.

Hapa kuna dhana moja inayoniudhi, kwamba laga ni bia ya viwanda vikubwa na eli ndiyo bia ya ufundi. Pilsna ya kwanza ilipikwa mwaka 1842 mjini Plzeň, katika Cheki ya leo, na Josef Groll, mpika bia kutoka Bavaria, na hadi leo ni miongoni mwa bia ngumu kuzipata sawasawa. Haina ladha ya kuungua ya kuficha kosa, wala wingi wa hopsi wa kulifunika. Kosa dogo la usafi, joto lililopanda siku mbili tu, na mnywaji anaonja.

Kwa nini basi baa nyingi ndogo zina eli tisa na laga moja? Jibu liko kwenye matangi. Chukulia baa yenye matangi sita. Eli ya kawaida hukaa ndani ya tangi wiki mbili au tatu kabla ya kuwa tayari. Laga, ambayo baada ya kuchachuka hulazwa kwenye baridi karibu na nyuzi sifuri ili itulie na kusafika, huchukua wiki tano hadi nane. Kila laga moja basi inakalia nafasi ambayo ingetoa eli mbili, pengine tatu, na tangi linalokaliwa haliingizi kitu mpaka lifunguliwe. Mwenye baa anaijua hesabu hiyo vizuri. Ndiyo sababu laga ikiisha leo unaweza kuambiwa urudi mwezi ujao, wakati IPA iliyoisha Jumatatu imerudi kabla ya mwezi kukatika. Ninapoiona baa ndogo iliyoweka laga mbili za kudumu, nawaheshimu waliomo, maana wameamua kupata kidogo ili bia hiyo iwepo.

Hamira pia ndiyo inayoipa baa ya miaka mingi ladha yake. Matangi mengi ya kuchachulia yana kitako kilichochongoka kama faneli. Bia inapomaliza kuchachuka na kupozwa, hamira huzama na kujikusanya pale chini. Mpika bia hufungua vali taratibu: kwanza hutoka tope la kahawia, mabaki ya hopsi na hamira iliyokufa, ambalo humwagwa, kisha hufuata uji mzito wa rangi ya malai. Huo ndio anaoutaka. Huuhifadhi kwenye baridi na kuutia katika mkupuo unaofuata, siku chache baadaye. Hamira ile ile inaweza kutumika mara kadhaa hivi, hadi ikianza kuchoka au kubadilika tabia, ndipo huagizwa mpya ya ukoo ule ule kutoka maabara. Baa inayotumia hamira moja au mbili kwa miaka mingi huwa na bia zinazofanana kindugu, hata kama moja ni nyeupe na nyingine nyeusi. Wateja wa zamani wanaitambua ladha hiyo bila kuweza kuitaja. Maji nayo yalikuwa na nguvu hiyo zamani: maji laini ya Plzeň yaliifaa pilsna, na maji yenye jasi ya Burton-on-Trent nchini Uingereza yalikoleza uchungu wa eli zake za rangi ya hafifu. Siku hizi mpika bia huyarekebisha maji kwa chumvi kadiri anavyotaka, kwa hiyo hamira ndiyo imebaki na kauli kubwa.

Uamuzi wa pili ni jinsi kimea kilivyochomwa, na kutoka hapo tunaifikia dhana iliyoenea kuliko zote: kwamba bia nyeusi ni kali zaidi. Rangi ya bia inatokana na moto uliopita kwenye nafaka. Ni kama buni: ukizikaanga hadi ziwe nyeusi tii unabadilisha rangi, harufu na uchungu, lakini hujaziongezea kitu. Pombe hutokana na wingi wa sukari ambayo hamira imekula, na kimea cheusi kwa kawaida huwa sehemu ndogo tu ya nafaka yote, chini ya moja ya kumi mara nyingi. Guinness ya drafti, stauti ya Ireland, nyeusi kama ilivyo, ina pombe ya asilimia 4.2, wakati laga nyingi za rangi ya dhahabu zina asilimia 5. Kwa upande mwingine zipo eli za Ubelgiji zinazong'aa kama asali na zina asilimia 8 au 9. Hata ule uzito unaousikia mdomoni kwenye stauti ya bomba, kwa kiasi kikubwa, ni kazi ya gesi: hutumwa kwa mchanganyiko wenye naitrojeni nyingi, ambayo hutengeneza mapovu madogo sana na kuifanya bia iteleze kama maziwa. Ulimi hudhani umekunywa kitu kizito. Rangi basi itakuambia kuhusu ladha. Kuhusu kulewa, tazama asilimia.

Asilimia hiyo ni kiasi cha pombe halisi katika ujazo wa bia. Glasi ya nusu lita yenye asilimia 9 ina pombe karibu sawa na glasi mbili za ujazo ule ule zenye asilimia 4.5. Hivyo baa inapokuletea bia kali kwenye glasi ndogo haikupunji, inakutendea haki. Na nisingependa mtu adanganyike kwamba bia ya krafti ni salama zaidi kiafya kwa kuwa "ni ya asili". Pombe iliyomo ni ile ile, ini halitofautishi imetoka tangi gani, na bia nyingi za krafti zina asilimia kubwa kuliko laga ya kawaida ya dukani.

Uamuzi wa tatu ni hopsi, na zaidi ya aina yake, muda inapoingia. Ua la hopsi lina asidi ambazo hazina uchungu mkubwa mpaka zichemshwe. Zikichemka saa nzima hugeuka na kuwa uchungu tunaoufahamu. Lina pia mafuta yenye harufu, na haya huruka na mvuke. Matokeo yake, hopsi iliyotiwa mapema hutoa uchungu bila harufu, na iliyotiwa mwishoni, au ndani ya tangi baridi baada ya kuchachuka, hutoa harufu na uchungu kidogo tu. Mpika bia yule yule akiwa na kilo ile ile ya hopsi anaweza kupika bia inayokunja uso au bia inayonukia chungwa na embe. Hopsi aina ya Cascade, iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972, ndiyo iliyowafundisha wanywaji harufu ya balungi kwenye bia, na eli ya Sierra Nevada, iliyoanza kupikwa California mwaka 1980, ikaisambaza.

Ile namba isiyoeleweka ubaoni, inayofuatwa na herufi IBU, hukadiria miligramu za asidi chungu za hopsi katika lita moja ya bia. Laga nyepesi huwa na 10 hivi, pilsna 25 hadi 40, IPA ya kawaida 40 hadi 70. Ichukulie kwa tahadhari. Kinachosikika mdomoni ni uwiano kati ya uchungu na utamu wa kimea uliobaki, kwa hiyo stauti nzito ya 50 inaweza kuonekana tulivu kuliko pilsna kavu ya 38.

IPA imezungukwa na hadithi moja inayopendwa sana: kwamba Waingereza walibuni bia kali yenye hopsi nyingi kwa sababu bia nyingine zote ziliharibika safarini kwenda India. Kweli, hopsi husaidia kuzuia bakteria, na kweli George Hodgson wa London aliwauzia manahodha wa meli za India bia ya rangi ya hafifu mwishoni mwa karne ya 18. Lakini bia zenye hopsi nyingi zilikuwepo kabla yake, na pota nyeusi ilipelekwa India kwa wingi na kufika salama. Bia ile ilipendwa kule, ikaboreshwa kufuata soko, na jina likaja baadaye. Kinachomhusu mnywaji wa leo ni kinyume kabisa cha hadithi ile: IPA ya kisasa haitakiwi kusafiri wala kukaa. Harufu yake hufifia kwa wiki, na hewa kidogo tu huiua. Ndiyo bia inayofaidi zaidi ukaribu wa tangi na bomba. Na ile IPA yenye ukungu kama juisi haijaharibika. Imepikwa kwa shayiri iliyochanganywa na ngano au oti, zenye protini nyingi, na hopsi nyingi mwishoni, ikaachwa bila kuchujwa. Ladha ndiyo itakayokuambia kama imeharibika.

Kwenye ladha ya kuharibika watu wengi hujilaumu wenyewe wakidhani hawaijui bia ya krafti, wakati kosa ni la baa. Harufu ya siagi au ya bisi ndani ya laga inamaanisha mara nyingi kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi, au kwamba mipira ya kupitishia bia ni michafu. Mipira hiyo inapaswa kuoshwa kwa dawa kila baada ya wiki mbili. Ikiachwa, bakteria hujenga utando ndani, na kila bia inayopita hubeba uchachu na siagi ile. Harufu ya karatasi iliyolowa ni bia iliyoingia hewa au iliyozeeka. Harufu kama ya kicheche ni mwanga: miale ya jua ikigonga viini vya hopsi hutengeneza kemikali yenye salfa, ndiyo maana chupa za kahawia hulinda bia kuliko za kijani au zisizo na rangi. Bia chachu ni jambo jingine, uchachu wake umekusudiwa na mhudumu anapaswa kuweza kukuambia hivyo. Ukikutana na siagi au karatasi, rudisha glasi kwa heshima. Baa nzuri itashukuru.

Povu nalo hudhaniwa ni wizi. Vidole viwili vya povu huachilia harufu na kutoa gesi ambayo vinginevyo ingejaa tumboni. Tazama glasi unapokunywa: ikiwa safi, povu huacha pete nyeupe ukutani kwa kila funda, ikiwa na mafuta au mabaki ya sabuni, povu huanguka na viputo hung'ang'ania pembeni. Glasi iliyogandishwa kwenye friza, inayosifiwa sana, huuziba ulimi. Laga hufaa kwenye nyuzi 4 hadi 7, eli nyingi 8 hadi 12.

Turudi kwenye mabishano ya krafti. Kupika bia palipo na mnywaji ndio ulikuwa utaratibu wa kawaida kwa karne nyingi, na mahali pengine haukukatika: U Fleků ya Prague huhesabu miaka yake kuanzia 1499, na Uerige ya Düsseldorf imekuwa ikipika Altbier yake, eli ya kahawia ya mji huo, tangu 1862. Kwingine utaratibu huo ulikaribia kufa. Nchini Uingereza, kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 zilibaki baa nne tu zilizojipikia, kwa kuwa kampuni kubwa zilimiliki baa na kuzipelekea bia. Chama cha wanywaji, CAMRA, kilianzishwa mwaka 1971 kupinga hali hiyo. Nchini Marekani kikwazo kilikuwa sheria. Marufuku ya pombe ilipoisha mwaka 1933, majimbo yalitenganisha mpikaji, msambazaji na muuzaji, na mpikaji akakatazwa kumuuzia mnywaji moja kwa moja. Ilichukua hadi 1982 ndipo Bert Grant alipofungua mjini Yakima, jimbo la Washington, katikati ya mashamba ya hopsi, baa ya kwanza ya aina hii tangu marufuku.

Kisha yakaja mafanikio, na wanunuzi. Goose Island ilianza kama baa inayojipikia mjini Chicago mwaka 1988. Mwaka 2011 ikanunuliwa na kampuni kubwa ya bia, Anheuser-Busch. Kwa kipimo cha Brewers Association, siku ya mauzo ilikoma kuwa krafti, ingawa bia iliyokuwa kwenye matangi siku hiyo haikubadilika hata tone. Blue Moon, ambayo wengi huiweka kwenye fungu la krafti, ilizaliwa mwaka 1995 ndani ya kampuni nyingine kubwa ya bia, Coors. Kwa hiyo swali la habari lina majibu mawili, na yote ni halali: kuhusu umiliki, hapana, si krafti tena, kuhusu ladha, onja. Mimi bado najali umiliki, kwa sababu kampuni kubwa inayomiliki pia njia za usambazaji ina uwezo wa kuwafungia wengine mabomba ya baa. Lakini sitakuambia bia mbaya ni nzuri kwa kuwa mwenyewe anaishi mtaa huu.

Ukiingia baa iliyodumu miaka mingi, utaona ubao wake una sehemu mbili: bia nne au tano zisizobadilika, na nyingine zinazokuja na kuondoka kwa msimu. Za msimu huwafurahisha wapika bia na wageni. Zisizobadilika ndizo kipimo, kwa sababu kuipika bia ile ile mkupuo baada ya mkupuo, wakati mavuno ya shayiri na hopsi hubadilika kila mwaka, ni kazi ngumu kuliko kubuni mpya. Agiza vionjo, zile glasi ndogo nne au tano za ubao mmoja, na uanze na ile nyepesi kabisa kwa asilimia na kwa uchungu, umalizie na iliyokolea, la sivyo IPA ya kwanza itazifunika zote zinazofuata. Kisha muulize mhudumu ni ipi imeunganishwa kwenye bomba wiki hii. Kwa IPA, kunywa hiyo. Kwa laga, uliza ililala tangini wiki ngapi.